Taa Haitembei

Siku ile Otmari Kihwele alisahau kitambaa cha kufutia taa. Asingekisahau, angeingia kaburini akiamini kwamba mkewe aliua watu arobaini.

Ilikuwa Jumapili, siku ya majaribio. Jumapili Handaki la Kilavuka huwa tupu. Mikanda inayowabeba wafanyakazi chini ya mlima, kutoka viwandani magharibi hadi majumbani mashariki, hulala, na wafutaji taa hutakiwa wawe wametoka ifikapo saa nne asubuhi ili wakubwa wajaribu mitambo yao kwa nafasi. Kwa nini wafutaji watolewe, hakuna aliyewahi kuwaambia. Otmari alikuwa na darasa la nne na miaka kumi na tisa ya kufuta taa. Kutoambiwa alishakuzoea.

Alirudi ndani kwa sababu kitambaa chenyewe kilitoka kwenye kitenge cha Tulalumba. Alikikata Tula mwenyewe, siku kitenge kilipochanika, akamwambia, "Chukua, uwe unanigusa huko kazini." Sasa Tula alikuwa na mwaka mmoja kasoro siku mbili udongoni, na kitambaa hakikuwa kitu cha kuachwa kimelala sakafuni mpaka Jumatatu.

Alikikuta karibu na katikati ya handaki. Akainama kukiokota, na taa kubwa za darini zikazimwa.

Hakuogopa. Alikaa kimya tu gizani akisubiri mkondo uwake. Taa za mkondo zimepangwa ukutani kwenye kimo cha kiuno, hatua moja na nusu kati ya taa na taa, kilomita tatu nzima. Mishale ya kuonyesha njia iliondolewa nchini zamani, Otmari akiwa bado kijana. Kilavuka ilikuwa inapitisha watu wa lugha kumi na nne, wengine hawakusoma hata alifu, na wakubwa wakasema mwanga unaokimbia unaeleweka na kila mwenye macho. Unakimbilia huku, nawe nenda huku. Kwenda kinyume ni kosa, na aliyelifanya huitwa mpinga-taa hata akishakufa.

Mkondo ukawaka. Ukaanza kutiririka taratibu kuelekea mashariki, kwenye mlango, kama siku zote. Kipaza sauti kikakoroma, kikasema, "Mbio."

Mkondo ukageuka. Otmari aliona mwanga wote wa handaki ukimkimbilia usoni, unarudi magharibi.

Akadhani mtambo umeharibika. Akasubiri waseme. Kipaza sauti kikasema, "Mbio, mashariki, sawa. Tunafunga."

Sawa, walisema. Na mwanga ulikuwa unakimbilia kule kule walikokutwa wale arobaini baada ya moto wa mwaka jana, wamelala mmoja baada ya mwingine kama waliopanga foleni ya kwenda kwenye moto.

Kuna jambo ambalo mfutaji analijua kuliko injinia yeyote: taa haitembei. Imefungwa ukutani kwa misumari minne, na Otmari ameigusa kila siku ya Mungu. Inawaka, inazimika, jirani yake anawaka. Kutembea ni kwa macho yetu tu. Basi akapiga magoti, akatanua kitambaa na koti lake akaziba taa za jirani huku na huku, akabakiza nne. Akapitisha vidole juu ya vifuniko, kimoja kimoja.

Kila kifuniko kina vinundu. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, kisha kimoja tena, hivyo hivyo hadi mlangoni mashariki. Waliviweka kwa ajili ya wafutaji. Wafutaji wako wanne kwa zamu, kila mmoja na namba yake anayoingia nayo kazini na kustaafu nayo. Otmari ni Namba Tatu. Anafuta yenye vinundu vitatu, anazipita tatu, anafuta nyingine. Ikikutwa na vumbi yenye viwili, hiyo haimhusu. Ndivyo msimamizi anavyojua wa kumtukana.

Ikawaka ya kinundu kimoja. Ikazimika, ikawaka ya vinne. Kisha ya vitatu. Kisha ya viwili. Kisha kimoja.

Alirudia kuhesabu mpaka magoti yakafa ganzi. Mkondo wa kawaida huenda moja, mbili, tatu, nne, kila mwanga unampa jirani wa mbele. Wakubwa walitaka watu wakimbie. Lakini taa zenyewe za kuungaunga, haziwezi kuwaka na kuzimika upesi zaidi ya pale, basi wakaamuru mwanga uruke, taa tatu kwa mpigo mmoja. Kutoka kwenye kimoja, ruka tatu, angukia vinne. Kwenye karatasi hiyo ni kasi mara tatu kwenda mashariki. Lakini vinne haviko kule mbele tu. Viko na hapa nyuma, bega kwa bega na kimoja, navyo vinawaka wakati ule ule. Jicho likiona mwanga umezimika hapa, linautafuta ulikotokea tena, na linachukua wa karibu. Wa karibu ulikuwa nyuma. Hatua kwa hatua, wa karibu ulikuwa nyuma.

Tula alikuwa msimamizi wa mkanda, mwenye kizibao cha njano na filimbi. Siku anaanza kazi aliuliza, "Na moshi ukijaa, Otmari, mimi nitajuaje njia?" Naye akamjibu akiwa anakula, hata hakuinua kichwa: "Ukiona moshi usifikiri. Fuata taa."

Vinundu hakumwambia. Vilikuwa mambo ya wafutaji.

*

Gaudensi Mhapa alikuwa nyumbani kwake, kibarazani, kikombe cha pombe ya ulanzi mkononi, shati la kanisani bado mwilini. Ndiye aliyekaa kwenye kiti cha chumba cha mitambo. Ndiye pia aliyekuwa msimamizi wa ndoa ya Otmari na Tula, akabeba pete kwenye mfuko wa koti, akajifanya imepotea hadi padri akakunja uso.

"Kamwene, Namba Tatu."

"Kamwene. Mama yupo?"

"Kaenda kwaya. Kaa, kuna kikombe hapo."

Otmari hakukaa. "Leo kwenye jaribio ulikuwa wewe kitini?"

"Mimi. Kwani vipi?"

"Mkondo wa mbio unakwenda wapi?"

"Mashariki." Alijibu upesi, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Nimeuona, Gaude."

Gaudensi alitazama ndani ya kikombe. Inzi alikuwa ametua ukingoni, hakumfukuza.

"Ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani."

"Hairuhusiwi."

"Nishitaki."

Nyumba ya jirani redio ilikuwa inatangaza mpira. Gaudensi alisimama, akaenda kufunga geti ambalo lilikuwa limefungwa, akarudi. "Kaa basi, kaka."

"Ulijua lini?"

"Wiki mbili kabla."

"Kabla ya nini?"

"Otmari."

"Sema. Kabla ya nini?"

"Kabla ya moto."

Otmari alikaa. 

"Nilipanda juu nikawaambia," Gaudensi alisema, na maneno yalimtoka kwa haraka kama yalikuwa yamejipanga mdomoni mwaka mzima. "Naapa. Nikawaambia kwenye kamera naona unarudi. Wakaniuliza nina shahada gani. Wakafungua daftari la mtambo, wakanionyesha: amri mashariki, jibu mashariki. Wakasema macho yangu yamechoka, wakanipa siku tatu za kupumzika. Sasa mimi ningefanya nini?"

"Ungeniambia mimi."

"Ungelifanya nini wewe? Mfuta taa?"

"Ningemwambia mke wangu."

Gaudensi aliinua kikombe. Akanywa.

"Siku ya moto," Otmari alisema, "nani alibonyeza mbio?"

"Amri ilitoka juu. Walipiga simu wakasema watu wanajikokota, wapeleke mbio."

"Sikuulizi simu. Nakuuliza kidole."

"Changu."

"Na karatasi? Ile waliyotusomea. Kwamba msimamizi Tulalumba Nyalusi alitembea nyuma ya watu akiwaswaga kwa filimbi kinyume cha taa."

"Nyuma alikuwa. Walimkuta wa mwisho, Otmari, nyuma yao wote. Hilo ni kweli."

"Anatembea nyuma kwa sababu anahesabu watu. Ndivyo mlivyomfundisha. Nakuuliza sahihi."

"Yangu," Gaudensi alisema. "Daftari lilisema mashariki. Nilisaini daftari."

Arobaini na mmoja walikufa. Kwenye jiwe lililosimama mlangoni mwa handaki kulikuwa na majina arobaini, kwa sababu sheria haimwandiki mpinga-taa. Mwaka mzima Otmari alikwenda kazini akilipita jiwe lile ubavu-ubavu. Kwenye foleni ya bomba watu walihamisha ndoo zao. Mama Lukelo, aliyempoteza mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa hata hatemi mate chini tena. Alimwangalia tu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Na Otmari hakuwalaumu. Hilo ndilo lililomchoma akiwa amekaa pale kibarazani. Usiku mwingine na yeye alimlaumu Tula. Alilala upande wake wa kitanda akimuuliza, mama, ulikuwa unakwenda wapi?

"Wiki nzima ya msiba ulilala kwangu," alisema. "Ulichimba kaburi. Nilikushika mkono nikakushukuru."

"Usiende nalo popote," Gaudensi alisema. "Nakuomba. Niachie mimi, nitazungumza nao."

Akazungumza nao. Jumatatu saa mbili asubuhi gari la Mamlaka ya Mahandaki lilisimama mbele ya nyumba ya Otmari, na dereva alikuwa anajua jina lake na habari za kitambaa pia. Habari hizo Otmari hakumwambia mtu mwingine zaidi ya Gaudensi, akiwa anaondoka, alipoulizwa alirudi ndani kutafuta nini.

*

Alikuwa amejiandaa kufokewa. Mkurugenzi, mama wa makamo aitwaye Perusi Malekano, alikuja kumpokea mlangoni, akamwamkia shikamoo, akammiminia chai kwa mkono wake. Ofisi yake ilikuwa na dirisha linaloangalia mlango wa handaki, na jiwe lilionekana kutoka pale, dogo kama sabuni.

"Mzee wangu, sitakudanganya," alisema. "Uliyoyaona ni ya kweli. Amri ya mbio tumeifuta leo alfajiri, mahandaki yote tisa. Haitatumika tena. Hilo umelifanya wewe."

Otmari alishika kikombe bila kunywa. "Basi mtasema kesho, kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja."

"Nataka tulizungumze hilo."

Akamweleza polepole, bila dharau, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wake. Watu laki mbili hupita chini ya milima kila siku. Hawasomi kitu, hawamuulizi mtu. Wanaona mwanga, wanaufuata. Miaka thelathini imejengwa hivyo. "Nikisimama kesho niseme taa zilidanganya, keshokutwa handaki lingine likishika moto watafanya nini? Kila mtu atasimama ajiulize. Wewe unajua moshi, mzee. Moshi unampa mtu dakika nne. Nikisema ukweli, nitakuwa nimewaua watu ambao sijawaona. Nikinyamaza, mtambo umeshapona, na hakuna atakayedhurika tena."

"Isipokuwa mke wangu."

"Mkeo ataandikwa." Alisukuma karatasi mezani. "Leo mchana. Jina la arobaini na moja, herufi zile zile, ukubwa ule ule. Tutasema alipotezwa na moshi. Hakuna atakayemwita mpinga-taa tena. Nahitaji sahihi yako tu kwamba umeridhika."

Otmari aliangalia dirishani. Alikuwa anatafuta mahali pa kumchukia mama yule na hapaoni. Alijaribu kuwaza handaki lenye moshi na watu waliosimama wakibishana, na akawaona vizuri kabisa. Aliwaona na watoto. Akawaza pia foleni ya bomba, ndoo yake ikiwa katikati ya ndoo za wenzake.

"Gaudensi atabaki kitini?"

"Gaudensi ni mtumishi mwaminifu."

"Ndiyo," Otmari alisema. "Kwenu."

Akaandika jina lake, herufi moja moja, kwa mwandiko wa darasa la nne.

*

Jumanne mchana walikusanyika ndani. Ndivyo familia zilivyotaka: kumbukumbu ifanyike pale pale, katikati ya mlima, kila familia isimame kwenye taa ambayo mtu wao alikutwa chini yake. Taa arobaini mfululizo upande wa kaskazini, watu arobaini wamegeuzia mgongo ukuta, kila mmoja na tochi nyeupe aliyopewa na Mamlaka. Ndugu wengine walisimama upande wa pili, juu ya mkanda uliozimwa. Kwenye mstari ule, kuelekea mashariki, ziliachwa taa mbili wazi, na ya tatu ilikuwa ya Tula. Hakuna aliyekuwa amesimama pale. Otmari alifika akaambiwa na kijana wa itifaki asimame ng'ambo, na akatii.

Mkurugenzi alisema maneno yake. Yalikuwa mazuri. Kisha majina yakasomwa, na baada ya jina la arobaini msomaji akameza mate, akasema, "Tulalumba Nyalusi, aliyepotezwa na moshi."

Minong'ono ikapita, ikatulia. Otmari alingoja kitu kifunguke kifuani. Hakikufunguka.

Mama Lukelo alimpa bintiye tochi, akavuka mkanda kwa shida, ameshika sketi. Akasimama mbele ya Otmari. Alikuwa mfupi kuliko alivyomkumbuka.

"Fundi," alisema. "Mwaka mzima nimekaa na mkeo hapa." Akajigusa shingoni. "Kumbe moshi. Moshi unampoteza yeyote. Nimekuja kukwambia nimemsamehe."

Akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, mkavu, wa mtu anayelima. Otmari aliutazama mkono ule, na akaelewa amesaini nini. Sasa Tula atasamehewa. Kila mwaka, siku kama hii, watu wazuri watamsamehe Tula.

"Usimsamehe," alisema.

"Unasemaje?"

"Usimsamehe, mama. Hana kosa. Alifuata taa."

Wakati huo taa kubwa zilizimwa. Ilikuwa kwenye ratiba: dakika moja ya giza, kisha tochi ziwashwe zote kwa pamoja. Handaki likawa jeusi. Otmari akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ile sauti ya kazini, ya kuitana kilomita tatu.

"Wenye tochi, msiwashe. Kila mtu apapase taa iliyo nyuma ya kiuno chake. Kifuniko kina vinundu. Hesabu."

Mikono ikapapasa. Kisha mzee mmoja, "Viwili."

"Mimi vitatu."

"Kimoja hapa. Vya nini?"

"Ndiyo namba yako. Nikiitaja, washa. Nikitaja nyingine, zima. Msisogee hata kidogo."

"Mzee Kihwele," Mkurugenzi alisema gizani, kwa upole. "Mzee wangu, tulikubaliana."

"Moja," Otmari alisema. "Mbili. Tatu. Nne. Moja. Mbili."

Mwanzoni zilikuwa tochi tu, zinachelewa, zinagongana. Aliendelea kuhesabu kama wanavyohesabu wafutaji, kwa mpigo wa kitambaa, akaongeza mwendo kidogo kidogo, na mikono ikazoea. Ghafla hazikuwa tochi tena. Mwanga ulikuwa unatembea juu ya vifua vya watu, unapita mmoja mmoja kuelekea mashariki.

"Inakwenda mlangoni," sauti ya mwanamke ilisema.

"Inakwenda mlangoni," Otmari alisema. "Sasa wakubwa wakataka mkimbie. Wakasema mwanga uruke tatu. Kutoka moja, hesabuni wenyewe, tatu mbele ni ngapi?"

"Nne," walijibu wengi.

"Kutoka nne, tatu mbele?"

Wakahesabu kwa sauti. "Moja, mbili... tatu."

"Basi ndivyo. Mbele tu, mara tatu. Tayari? Moja. Nne. Tatu. Mbili. Moja. Nne. Tatu. Mbili."

Mwanga ukageuka. Ulipita juu ya vifua vile vile, kwenye mikono ile ile, ukakimbilia magharibi. Ulikimbia vizuri, bila kusita. Mtu alianza kulia kule ng'ambo, kisha akaacha, kama aliyeziba mdomo.

"Unarudi," alisema Mama Lukelo. Vidole vyake vilikuwa vimemshika Otmari mpaka mfupani. "Nani kasogea?"

"Hakuna aliyesogea, mama."

"Unarudi kwa mwanangu."

"Ndiko ulikowapeleka. Na mke wangu alikuwa nyuma yao anahesabu asimwache mtu. Walioamuru walijua wiki mbili kabla. Waliambiwa, na aliyewaambia akasaini."

Tochi zilizimika moja moja, bila mtu kutaja namba. Gizani Mkurugenzi alikuwa anaongea kwenye simu ya upepo, na upole ulikuwa umemwisha. "Gaudensi. Washa taa kubwa. Gaudensi, unanisikia?" Taa kubwa hazikuwaka. Labda Gaudensi alikuwa ameitoa mikono kwenye vitufe, anatazama kamera. Otmari alilifikiria hilo, akaona limechelewa mwaka mmoja.

"Basi washa mkondo," Mkurugenzi alisema. "Watoke. Mkondo wa kawaida, mashariki."

Baada ya muda mrefu mkondo uliwaka. Ulitiririka taratibu ukutani, nyuma ya viuno vya watu, kuelekea mlangoni. Ulikuwa sahihi. Otmari aliuona kuwa ni sahihi.

Hakuna aliyeondoka.

Watu mia na zaidi, wazima, bila moshi wala moto, walisimama wakiangalia mwanga unapita na hakuna aliyeinua mguu. Mzee wa vinundu viwili aligeuza kichwa huku, akakigeuza kule. Mahali fulani mwanamke alisema, "Tulieni, msisukumane," na hapo hapo wakaanza kusukumana. Mkurugenzi alisema, "Ndugu zangu, taa ziko sawa, zifuateni," na Otmari akamwona mama yule amesimama na macho wazi, anasema kweli, na anajua haitamsaidia. Alikuwa amemwambia hivyo kabisa jana, wakati wa chai.

"Fundi," Mama Lukelo alisema. "Hiyo inakwenda wapi kweli?"

Alifungua mdomo kujibu mashariki. Macho yake yalisema mashariki. Aliyatafuta ndani yake yale macho ya zamani, yaliyoamini, hayakuwepo. Akavuka mkanda, akapapasa ukuta, akakuta kinundu kimoja. Ilikuwa taa ya kwanza kati ya zile mbili zilizoachwa wazi.

"Fumbeni macho," alisema.

"Tufumbe?"

"Fumbeni. Mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwa mwenzio. Wa upande wa pili, vukeni huku. Mkigusa taa mtaje vinundu kwa sauti, asikie wa nyuma. Vikiongezeka, na baada ya vinne kikaja kimoja, mnakwenda mlangoni. Vikipungua, rudini. Mengine yote msiyatazame."

Waliongezeka nyuma yake. Alisikia viatu, shanga za rozari, pumzi. Mkono wa Mama Lukelo ukaja begani pake, na mwingine nyuma ya wa Mama Lukelo, na mstari ukajinyoosha gizani mwa macho yao wakati mwanga ukipita bure usoni mwao.

"Moja," Otmari alisema, akavuta hatua moja na nusu. Akagusa. "Mbili."

Akavuta nyingine, na vidole vikafika kwenye taa ya Tula. Alikuwa ameifuta kila siku kwa mwaka mzima, ya kwake, namba yake, na hakuwahi kuigusa akiwa amefumba macho. Kifuniko kilikuwa na mkwaruzo mrefu pembeni, wa ukucha au wa filimbi. Mkono wake ungesogea kidogo tu, upana wa kidole, ungekuta vinundu.

Mstari ulisimama. Nyuma watu waligongana wakangoja. Vidole vyake vilibaki kwenye mkwaruzo, namba haijatajwa.

Mkono mkavu, wa moto, ulipita juu ya mkono wake ukapapasa kifuniko, ukahesabu taratibu.

"Tatu," alisema Mama Lukelo, kwa sauti ya kufika nyuma.

"Tatu," wakapokezana wale wa nyuma, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa mstari.